Tumbo na Miguu: Historia ya Kula na Kutembea Mitaani Eastlands





Ndugu msomaji, wewe pita tu Majengo baada ya swala ya alasiri. Majiko ya makaa yametolewa nje mpaka barazani, karai zinachemka, na huwezi kupiga hatua kumi bila harufu nyingine kukusimamisha: bajia, sambusa, viazi karai, kaimati, mahamri, mkate wa sinia. Mtu amefunga tangu alfajiri na pua inamwambia mambo. Kisha ikifika Idi kuna wale ambao kanzu ya mwaka jana imekataa kufunga vifungo. Wamefunga mwezi mzima na wamenenepa! Hapo ndipo lawama zinapoanza. Masheikh wanatukemea juu ya minbari, madaktari wanatukemea hospitalini, na kesi yote anabebeshwa sambusa.

Mimi naona sambusa anaonewa. Ukitazama historia ya mitaa hii yetu utakuta wazee wetu walipenda kula vilevile, pengine kutushinda. Kilichopungua kwetu kiko chini ya magoti, na ndicho ninachotaka tukizungumzie.

MITAA YA WATEMBEAJI

Reli ilipofika hapa Nairobi mwaka 1899 hapakuwa na mji, palikuwa na kinamasi na maji baridi ya Wamaasai. Nyuma ya reli wakaja watu wa kila namna, na wengi katika wale wa mwanzo kukaa walikuwa Waislamu: wapagazi na askari wa misafara, wafanyabiashara kutoka pwani, wapishi, mafundi cherehani, na watu wa bara waliosilimu wakaanza kuongea Kiswahili nyumbani. Walikaa katika vijiji vyao, Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani, mpaka serikali ya kikoloni ilipoamua kuwakusanya mahali pamoja. Ndipo ikaanzishwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani kiliponea kwa muda, lakini nacho kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina lenyewe lakwambia walihama na roho gani.

Sasa fikiria mahali kazi ilipokuwa. Kazi ilikuwa karakana za reli, viwandani, madukani River Road, na katika majumba ya Wazungu na Wahindi kule Muthaiga na Parklands. Mabasi ya abiria yalianza Nairobi mwaka 1934, lakini kibarua wa siku zile hakuwa na senti za kuchezea. Mpishi aliyelala Pumwani na kupika Muthaiga alikuwa na kilomita nne au tano za kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi, na katikati yake kusimama jikoni kutwa. Ukimkuta mtu kama huyo Ijumaa usiku ameketi mbele ya sinia ya pilau, utamhesabia matonge?

Na walikula kweli. Siku za kawaida ilikuwa posho, maana waajiri wengi walilipa sehemu ya haki ya mtu kwa unga wa mahindi, pamoja na maharagwe na mboga ya kuganga njaa. Lakini maulidi, arusi, akika na Idi zilikuwa siku za sufuria kubwa. Mahamri na mbaazi yalipanda reli kutoka Mombasa yakawa chai ya asubuhi ya Majengo mpaka leo. Halafu yakaja mafuta ya mkebe, Kimbo na Cowboy, yakaingia kila jikoni.

Hata majina ya mahali tunapokwenda kula nyama yana miguu ndani yake. Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliobeba chakula na risasi za jeshi la Mwingereza kwa miguu hadi ndani ya Tanganyika, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na chakula kibovu kuliko kwa risasi. Burma ni kule askari wa KAR walikopelekwa katika Vita vya Pili. Wengi wetu tunaagiza mbavu pale bila ya kujua tumekaa juu ya historia ya nani. (Mutura nauacha makusudi. Una damu, kwa hivyo sisi hatumo, hata rafiki zako wa shule wakikuambia ni mtamu namna gani.)

Baada ya kutembea kulikuwa na kucheza. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa nyumba zizunguke nafasi za wazi na ukumbi wa jamii. Kando ya barabara iliyoitwa Doonholm Road, leo Jogoo Road, kukawa na uwanja wa mpira ambao umebadilishwa jina mara kadha wa kadha: African Stadium, Jogoo Road, City Stadium, na mwaka 2019 ukapewa jina la Joe Kadenge, gwiji wa mpira aliyefariki mwaka huohuo. Jericho ina Camp Toyoyo. Kamukunji ina uwanja wake, wa siasa na wa mpira. Na kule Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, walikulia ndugu wawili ambao kila kijana anawajua: McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010, na mdogo wake Victor Wanyama, aliyeifunga Barcelona mwaka 2012 akiwa na Celtic. Hawakukua kwa chakula cha hotelini. Ni ugali na madondo, na uwanja karibu na mlango.

Kumbi za mitaa hii zilikuwa pia shule za ndondi, na bondia ndiye mtu ninayemtaka hasa katika mazungumzo haya, kwa sababu bondia hawezi kudanganya mizani. Robert Wangila, kijana wa Nairobi, alikwenda Seoul mwaka 1988 katika uzani ambao mwisho wake ni kilo 67. Ukizidisha hata kidogo hupigani. Alimaliza fainali kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akarudi na dhahabu. Mtu wa namna hiyo anakijua chakula kuliko mimi na wewe: anajua kila kipande kitakwenda kutumika wapi.

Na watoto, je? Kati, rounda, blada, brikicho, mpira wa makaratasi. Wasichana walikuwemo, tena kwenye kati na blada wao ndio walikuwa mabingwa. Lakini msichana akishavunja ungo mchezo ulikwisha siku hiyohiyo. Shikilia hilo, tutalirudia.

KABLA YA NAIROBI

Lakini kupenda chakula si jambo lililoletwa na mji huu. Mwaka 1331 msafiri wa Kiislamu kutoka Morocco, Ibn Battuta, aliteremka Mogadishu. Alikaribishwa kwa heshima ya mwanachuoni na akaandika alichowekewa mbele: wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa ya mti, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Wewe mwenyeji wa Eastleigh, si unaitambua sinia hiyo? Karne saba karibu zimepita na ndizi bado iko kando ya wali!

Ibn Battuta akaongeza jambo jingine, bila ya kuficha. Alisema mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba ni wanene mno. Kutoka hapo akashuka Mombasa, na habari ikawa nyingine. Huko alikuta watu wasiolima nafaka, chakula chao ndizi na samaki, watu wa dini, wanaotembea miguu mitupu na kuiosha kabla ya kuingia msikitini. Juu ya unene hakutaja kitu.

Kwa nini hawa hivi na hawa vile? Jibu lililonikinaisha ni la mwanahistoria wa Kiislamu aliyeandika baadaye kidogo katika karne hiyohiyo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliuliza kwa nini watu wa mjini wanaugua zaidi kuliko mabedui. Akasema: watu wa mjini wanakula sana na kuchanganya vyakula, hewa yao imeharibika, na juu ya hayo wamekaa kitako, hawana mazoezi. Bedui anakula kidogo na hatulii, mara anakimbiza farasi, mara yuko mawindoni, mara anatafuta mahitaji yake. Ndiyo maana, akasema, tabibu anapata kazi mjini kuliko jangwani. Ukisoma maneno hayo utadhani jamaa alikuwa amepanga chumba Umoja.

Ibn Sina, aliyefariki 1037, alikwisha kulitaja kabla yake. Alipoandika katika Qanun juu ya kuilinda afya, aliweka mazoezi mbele, kisha chakula, kisha usingizi. Sisi mpangilio wetu wa Ramadhan ni chakula, usingizi, halafu chakula tena.

Neno lenyewe tunalo. Riadha tumelitoa katika Kiarabu, riyadha, na kwa Waarabu maana yake ni kumzoeza farasi, kuuzoeza mwili, na pia kuizoeza nafsi. Imam Ghazali katika Ihya ana kitabu kizima, cha 22, juu ya riyadha ya nafsi. Na kinachofuata mara moja, cha 23, ni juu ya kuvunja matamanio mawili, na la kwanza ni tumbo. Msikiti wetu mkubwa wa Pumwani unaitwa Riyadha, jina la ule msikiti wa Lamu wa Habib Swaleh. Hilo la misikiti ni la upande wa bustani, lakini wenye lugha watakwambia bustani na mazoezi zimetoka shina moja.

MADINA WALIKULA NINI

Kuna ndugu zetu wanaodhani uchamungu ni kukichukia chakula. Hawakuipata hiyo kwa Mtume (S.A.W.). Imepokewa kwamba alikuwa akipenda mkono wa mbuzi, akipenda mung'unye hata akiutafuta kandokando ya sahani, akipenda vitu vitamu na asali. Kikikosekana chakula alishukuru, na aliposifu aliweka mpaka: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi. Hadithi hiyo tumeisikia sote, na wengi tunaikumbuka tukiwa katika sahani ya pili.

Tunachokisahau ni miguu ya Madina. Kila Jumamosi Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda msikiti wa Quba, mara amepanda, mara kwa miguu. Kutoka msikiti wake ni kilomita tatu na zaidi kidogo, takriban kama mtu atoke Pumwani aende Jamia pale mjini. Banu Salima walipotaka kuhama ili wakae karibu na msikiti, aliwaambia wabaki makwao, maana hatua zao zinaandikwa. Na mwaka wa pili wa Hijra, sawa na 624, mwaka uleule saumu ilipofaradhishwa, jeshi la Badr lilitoka Madina ndani ya Ramadhan, watu mia tatu na kitu na ngamia kama 70. Ngamia mmoja alipokezanwa na watu watatu. Mtume (S.A.W.) alishirikiana na Ali bin Abi Talib (R.A.) na mwingine, na waliposema watatembea kwa zamu yake yeye apande tu, alikataa. Ni masafa ya kilomita 150 hivi.

KILICHOBADILIKA

Turudi mtaani. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila ya masharti ya zamani ya leseni, na kutoka hapo miguu ya Nairobi ilianza kupumzika pole pole. Zikaja bodaboda mwishoni mwa miaka ya 2000, sasa mtu anabebwa kutoka steji mpaka mlangoni. Sisemi ni vibaya. Mama mwenye mgonjwa usiku anaijua faida ya bodaboda. Wako pia wengi mno ambao bado wanatembea kila asubuhi kwenda Industrial Area kwa sababu nauli haipo, na hao somo langu si lao.

Chakula nacho kilizidi. Baada ya Somalia kuvunjika 1991 Eastleigh ikageuka mji ndani ya mji, na jikoni zake zikatuongezea anjera, bariis, nyama ya ngamia na halwa kwa kilo. Mafuta yakapatikana ya kupimiwa, robo kwa robo, na jioni chipsi ziko kila kona. Viwanja upande mwingine vikapungua. Kila mtaa una hadithi yake ya uwanja ulioamka una ukuta wa mabati, kisha maduka, na mtoto akabaki na ngazi za ploti kuchezea.

Matokeo yameandikwa. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima 27 katika kila 100 nchini wana uzito kupita kiasi, na karibu 24 wana presha ya damu. Lakini gawanya hiyo 27 uone: wanaume 17.5, wanawake 38.5. Uchunguzi mwingine wa kitaifa wa afya ulikuwa umekuta kwamba kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa 25 kwa kila 100 mwaka 2008-09, na kufikia 2014 wakawa 33. Miaka mitano tu.

Hapa ndipo pananiuma, na nitasema hata kama kamati ya msikiti itanuna. Kila Ramadhan vijana wa kiume wa mitaa hii wana mpira kabla ya magharibi. Kuna jezi, kuna kombe, mzee fulani anatoa mbuzi. Saa hiyohiyo dada zao wako wapi? Wako mbele ya karai. Wamefunga kama wao, wanakaanga sambusa mia mbili za watu, na wakishafuturisha wanaosha masufuria mpaka isha. Dada akipita siku moja na raba miguuni, na buibui lake na hijabu yake, anatazamwa kama aliyepotea njia. Halafu tunashangaa sukari na presha zinawapata mama zetu kwanza!

Sheria haimzuii, ila mwenye kutaka kubisha na abishe na Bibi Aisha (R.A.). Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba akiwa safarini alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) na akamshinda. Miaka ikapita, akanenepa, wakashindana tena, na safari hiyo Mtume (S.A.W.) akamshinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Aliusema unene wake wazi, bila ya haya, na mumewe hakumfanyia kejeli wala hakumwambia aache kukimbia.

Kufunga hakuzuii mwili kufanya kazi. Hakeem Olajuwon, Muislamu wa Nigeria aliyechezea Houston Rockets, alikuwa akifunga na kuingia uwanjani. Februari 1995, mwezi ulioangukia Ramadhan karibu wote, alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi ya NBA. Huyo ni bingwa na si lazima tuigize. Mwenye sukari au presha amuone daktari wake kwanza, na asithubutu kubadilisha dawa peke yake. Kwetu sisi wengine saa iliyobaki kabla ya magharibi yatosha kwa mwendo wa wastani, maana maji yako karibu. Tende tatu na maji, swala ya magharibi, ndipo chakula: utaratibu huo unalipa tumbo muda wa kujua limepata nini. Sambusa mbili unazila kwa raha, ya sita hata ladha yake huisikii.

Kisha kuna Tarawehe. Rakaa nane au ishirini, wacha hilo wazee wagombanie, zote ni kusimama, kurukuu na kusujudu baada ya siku nzima ya kukaa. Na kuna njia ya kwenda na kurudi. Familia nyingi siku hizi zinapanda bodaboda tatu kwenda msikiti ambao mzee wa nyumba aliuendea kwa miguu miaka arobaini. Mwaka huu jaribuni kwenda pamoja, baba, mama, wasichana na wavulana, sufuria ziachwe zimelowekwa na kila mtu aoshe yake mkirudi. Kutoka Riyadha hadi Kaloleni ni kama nusu saa kwa mwendo wa mama na watoto, na usiku wa Ramadhan njia ile huwa ina watu.